Alama Niliyoichora Mlangoni Petu

Juzi nilirudi kutoka kazini saa nane mchana, jua la Doha likiwa limekaza kweli, nikapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu na kukuta alama ya chaki kwenye mlango wetu. Ilikuwa alama ya kuzidisha, nyeupe, kubwa kama kiganja. Niliketi palepale kwenye ngazi, mfuko wa nyanya ukaniponyoka, na nyanya moja ikateremka kidato kwa kidato mpaka chini, nami naitazama tu.

Prossy, Mganda ninayeishi naye chumba kimoja hapa Fereej Bin Mahmoud, alifungua mlango akanikuta hivyo.

"Eh, nyabo! Umeanguka?"

"Nani ameandika hapa?"

"Si wale watu wa dawa ya mende. Waligonga nikiwa naoga, wakadhani hakuna mtu. Watarudi kesho." Akanitazama vizuri. "Mbona unalia? Mende wenyewe wako wawili tu."

Nilicheka huku machozi yananitoka, nikachukua kitambaa na kufuta alama ile mpaka rangi ya mlango ikaanza kutoka. Harufu ya chaki iliyolowa ilibaki vidoleni. Prossy sikumweleza kitu. Nawaeleza ninyi wa rika langu, mliokuwa watoto wakati ule wa machafuko ya uchaguzi, kwa sababu nadhani baadhi yenu mna jambo lenu mlilolifunika, na pengine mkisoma langu mtapata moyo wa kulifunua lenu. Nitakwenda taratibu.

Kwanza nieleze habari ya chaki, maana waliokulia mjini huenda hawaijui. Kijijini kwetu kila jambo jema kutoka serikalini lilianza na alama mlangoni. Wahudumu wa chanjo walipopita na makasha yao ya barafu begani, walitudondoshea matone mdomoni, kisha wakaandika kwa chaki kwenye mlango ili wenzao wajue kwamba nyumba ile imeshafikiwa. Wenye vyandarua nao walifanya hivyo. Walikuja vijana wawili na daftari, wakahesabu vitanda, wakachora alama, na wiki iliyofuata gari likaleta vyandarua kwa waliochorewa. Kwa mtoto mambo yalikuwa wazi kabisa. Nyumba yenye chaki inapendwa, nyumba isiyo na chaki imesahauliwa.

Nyumba yetu ilisahauliwa mara moja, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Tuliishi magharibi kabisa ya nchi, mahali lami inapokwisha na miwa inapoanza. Baba alikuwa mzaliwa wa pale. Mama alitoka ng'ambo ya milima, kwa watu wengine wenye lugha nyingine. Sitayataja makabila hayo kwa majina, maana ningetaja moja tu, nusu yenu mngeacha kusoma na kuanza kuhesabu nani alimfanya nani nini. Wakati ule Mama alikuwa na duka dogo la mafuta ya taa, sabuni na chumvi. Alikuwa ameishi pale miaka kumi, lakini bado sauti yake ilibeba milima ya kwao.

Rafiki mkubwa wa Baba alikuwa Silas, jirani wa upande wa pili wa ua. Urafiki wao haukuwa wa maneno. Baba alikuwa na ng'ombe dume mmoja na Silas alikuwa na mmoja, na plau huvutwa na wawili. Msimu ukifika waliwafunga pamoja kwenye nira moja, wakalima kwa Silas siku mbili, kwetu siku mbili. Hakuna aliyeweza kupanda bila mwenzake. Silas alikuwa mtu wa utani. Alimwita Mama "shemeji wa ng'ambo," na mimi aliniita "mwalimu" kwa sababu kila alipokuja alinikuta nyuma ya jikoni nikiwafundisha kuku kusoma, chaki mkononi na fimbo kwapani.

"Mwalimu, leo umepiga wangapi?" angeuliza.

"Watatu. Hawajui kujumlisha."

"Wapige wa nne, huyo anayenyea ubao."

Tulipiga sana siku hizo, watoto na wakubwa. Shuleni tulichapwa kwa kuchelewa, nyumbani tukachapwa kwa kuchapwa shuleni. Na siasa ilipofika, magari ya kampeni yalipita yakirusha fulana na kofia, na nilimwona mtu mzima akimng'oa mwenzake meno mawili kwa ajili ya kofia ya njano. Mimi nilidhani uchaguzi ni kama mechi ya mpira, kwamba watu watapigana hadi filimbi ipigwe, kisha watakwenda nyumbani kula.

Miezi michache kabla ya kura Mama alitupeleka kwao, mimi na mdogo wangu Daudi, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anatembea. Tulipanda lori la mahindi, tukaketi juu ya magunia, na baridi ya milimani ikatuuma masikio. Nyanya, mama yake Mama, alinishika uso kwa mikono miwili akaniambia maneno mengi ambayo nusu yake sikuyaelewa. Wakati wa kurudi, kabla hatujashuka bondeni, Mama alivua leso akajifunga kuanzia kidevuni hadi utosini, kama mtu mwenye jino bovu.

"Mama, unaumwa?"

"Ninaumwa na jino. Mtu akiuliza kitu, jibu wewe."

Mbele, vijana walikuwa wamelaza gogo barabarani. Walipanda lorini na marungu wakamwuliza kila mtu anakwenda wapi na anatoka wapi. Abiria mmoja alijibu, wakamteremsha, na lori lilipoondoka nilimsikia akilia kama mbuzi. Walipofika kwetu nikasema, "Mama anaumwa na jino, tunaenda kwa baba yetu," nikataja kijiji. Kijana mmoja alinipapasa kichwa. Njia nzima nilimwonea Mama huruma kwa sababu ya jino. Tulipofika nyumbani akaifungua leso, akala muhogo wa kuchoma, nikashangaa limepona haraka kiasi kile.

Wiki ile tuliyokuwa safarini ndiyo nyumba ziliandikishwa kwa ajili ya vyandarua. Baba alikuwa shambani siku ya kuandikishwa, mlango wetu ukabaki bila chaki. Mvua ziliponyesha, majirani wote walilala ndani ya vyandarua vya buluu, na mimi nikalala na mbu. Niliugua malaria hadi nikaona kuku wangu wanatembea darini. Nakumbuka Mama akinikanda kwa maji ya baridi akisema, "Laiti tungekuwepo. Laiti wangetuandika."

Neno hilo ndilo lililoniingia.

Shule zilikuwa zimefungwa na kura ilikuwa imeshapigwa, matokeo yakingojewa, nilipotumwa sentani, kule madukani, kununua viberiti. Nikawaona vijana wawili wakitembea mlango kwa mlango, mmoja na daftari, mwingine na chaki. Sikuwajua. Walichora nyumba ya fundi cherehani, wakachora kinu cha posho, wakachora nyumba ya mwalimu wa hesabu. Alama yenyewe ilikuwa ya kuzidisha na mstari chini yake. Sikuona kwamba wote waliochorewa walikuwa watu wa upande wa Mama. Niliona daftari na chaki tu, basi, moyo ukanidunda kwa furaha. Nikawafuata.

"Mnaandika neti?"

Wakatazamana. Mwenye chaki akacheka. "Ndiyo, neti. Hawa watu tutawalaza vizuri."

"Na sisi mtatuandika? Mara ile mlituruka. Mama alikuwa safari."

"Baba yako ni nani?"

Nikamtaja. Mwenye daftari akapitisha kidole kwenye ukurasa, akatikisa kichwa. "Huyo ni mtu wetu. Hayuko kwa hii orodha. Enda nyumbani, mtoto."

"Lakini mimi niliugua malaria!"

"Enda nyumbani, nimesema!" Akainua mkono kama wa kunizaba kofi, nikakimbia.

Nililia njiani. Niliona kwamba tumeonewa tena. Nikafikiri kama mtoto mwenye akili anavyofikiri: gari la vyandarua haliangalii daftari, linaangalia milango. Nilikuwa na kipande cha chaki nilichokiiba darasani kabla ya kufunga shule. Mama alikuwa jikoni, Baba hayupo. Nikanyoosha mkono hadi nilipofika, nikachora kwenye mlango wetu wa kijani alama ya kuzidisha, nikapiga mstari chini yake. Nikarudi nyuma kuitazama. Ilikuwa nzuri kuliko za wale vijana. Nilimwambia Daudi kwamba mwaka huu tutalala kama wafalme. Mlango wetu ulishinda wazi, upande huo umeegemea ukuta, na wakubwa hawakuiona.

Matokeo yalitangazwa kesho yake mchana. Redio ya Silas ilikuwa na sauti kubwa, tuliisikia hadi kwetu, kisha hatukuisikia tena kwa sababu ya kelele. Moshi ulipanda kutoka sentani, kwanza mweupe, halafu mweusi. Upepo ulileta harufu ya sukari na mahindi yanayoungua, harufu tamu kabisa, nikahisi njaa. Baba alikuwa amekwenda kukata majani ya ng'ombe. Mama alimlaza Daudi ndani, akatoka akaufunga mlango nyuma yake, akasikiliza, kisha akavua leso akajifunga kidevuni.

Walikuja kwa trekta la miwa, kama watu kumi na watano, wamesimama kwenye trela. Hawakuwa wa kwetu. Mmoja alibeba mtungi wa mafuta ya kupikia, lakini ndani mlikuwa na petroli. Nilisimama uani nikiwatazama, na kwa kitambo kidogo, Mungu anisamehe, nilitafuta vyandarua kwenye trela.

"Hii nayo iko na alama," mmoja alisema.

"Hii haikuwa tumeambiwa."

"Alama si hiyo? Wewe huoni?"

Wakamwuliza Mama ametoka wapi. Alionyesha shavu lake. Mimi nikafanya kazi niliyofundishwa. "Anaumwa na jino," nikasema.

Kijana akaivuta leso kwa nguvu hata Mama akaanguka kwa magoti. "Sema kitu! Omba msamaha tukusikie!"

"Niacheni na watoto wangu," Mama akasema, na sauti yake ikawaambia kila kitu. Akapigwa teke la mbavu. Nilisikia pumzi ikimtoka.

Hapo Silas aliruka ua, kifua wazi, anahema. Alimshika mwenye mtungi mkono. "Hapana! Hii ni nyumba ya ndugu yangu. Mmekosea nyumba!"

"Chaki haikosei, mzee."

"Nawaambia mmekosea! Mwenyewe ni mtu wetu, tumelima pamoja miaka yote!"

"Basi kalime na yeye majivu."

Walikuwa wamekwisha kumwaga. Silas alimnyang'anya mtungi yule kijana, wakavutana, mtungi ukabaki mkononi mwake, mtupu. Mwingine alikuwa amewasha kiberiti. Moto ulishika ukuta na mlango kwa mlio mmoja kama wa shuka kubwa linalokung'utwa. Na Daudi yumo ndani.

Mama aliinuka. Sijui alipita vipi. Aliingia kwenye moto ule, na nilihesabu, kwa sababu ndivyo nilivyozoea kuwafundisha kuku, nikafika kumi na tisa ndipo alipotoka amemfunika Daudi kwa blanketi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unawaka. Si nguo, mkono. Silas alimrushia maji ya ndoo, kisha akatupa mchanga, kisha akaukumbatia mkono ule kwa shati lake lililokuwa kiunoni. Wale vijana walikuwa wakicheka. Mmoja alimpiga Silas bega kama rafiki, akasema, "Kazi nzuri, mzee," wakarukia trela na kuondoka. Silas aliinama akauokota mtungi kutoka kwenye nyasi zilizoanza kuwaka, ili usilipuke.

Hivyo ndivyo Baba alivyomkuta. Alikuja mbio kutoka bondeni na panga la kukatia majani, akaona nyumba yake inaungua, mke wake chini, trekta linaondoka na mtu juu yake akimpungia Silas mkono, na Silas amesimama uani na mtungi wa petroli.

"Silas."

"Baba Daudi, sikiliza kwanza..."

Mlango ulikuwa umeanguka nje, umeungua upande mmoja. Alama ilikuwa bado inaonekana. Baba aliitazama.

"Nani aliweka hii?"

"Sijui. Naapa sijui."

"Hawa ni vijana wa mbali. Hawajui mke wangu ametoka wapi. Wewe unajua. Ni wewe tu kila siku unamwita wa ng'ambo."

"Ule ni utani, Baba Daudi! Wewe mwenyewe unacheka!"

Nilikuwa hatua nne kutoka kwao. Kipande cha chaki kilikuwa kwenye mfuko wa gauni langu, nimekishika. Nilielewa mambo yote kwa mara moja, mlango, daftari, kicheko cha yule kijana, na nilijua kwamba neno moja langu lingemsimamisha Baba. Mdomo wangu ulifunguka. Hakikutoka kitu.

Baba alipiga. Silas aliinua mkono wa kulia kujikinga kichwa. Panga lilipita kwenye vidole, likachukua viwili na nusu ya kidole gumba. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama kukata muwa. Silas hakupiga kelele. Aliutazama mkono wake, akamtazama Baba, kisha akageuka akarudi kwake akipitia kwenye mlango wa ua, si kwa kuruka, polepole, kama mtu aliyefukuzwa kwenye sherehe.

Sasa mimi ni muuguzi. Namhudumia mama mzee wa familia moja kule Al Thumama, ndege zinapita juu ya paa asubuhi hadi jioni, na nimefunga vidonda vingi. Mikono haijawahi kunitetemeka isipokuwa ninapofunga vidole. Wengine wanasema mtoto wa miaka minane hana hatia. Ni kweli, nami nimewaambia hivyo watu wengine kwa moyo mmoja. Lakini mtoto mwenyewe halijui hilo. Mtoto anajua alichokifanya na anajua alichokinyamazia, na hicho cha pili ndicho kizito.

Mama alilazwa zahanati majuma mawili, akarudi mkono umekauka na shingo imevutwa upande. Tuliishi chini ya turubai kwenye kiwanja chetu. Baba alimwambia kila aliyepita kwamba Silas alimuuza. Watu waliamini, maana siku zile ilikuwa rahisi kuamini kila kitu kibaya. Mke wa Silas naye alikuwa na kiduka, kikasusiwa. Mtoto wao akapigwa mawe kisimani. Polisi hakufika hata mmoja. Mimi nilinyamaza, nikijikojolea usingizini, na watu wakasema ni hofu ya moto.

Kisha baba zangu wadogo wawili wakaja kutoka kijiji cha pili. Nilikuwa nyuma ya turubai nikichambua maharage, nikawasikia.

"Umemkata vidole tu, ndugu. Mtu amekuchomea mke na mtoto, wewe unakata vidole?"

"Nilitaka kichwa. Aliinua mkono."

"Basi kesho asubuhi, kabla hajapeleka ng'ombe mtoni. Sisi watatu. Na nyumba yake nayo iende."

Baba alilivuta panga lake karibu. "Kesho," akasema.

Niliacha maharage. Ilikuwa saa kumi jioni, jua bado lipo. Nilipita mlango wa ua, jambo ambalo hakuna mtu wa kwetu aliyekuwa amelifanya tangu siku ile. Silas alikuwa ameketi chini ya ukingo wa paa, mkono umefungwa matambara, ng'ombe wake amefungwa peke yake karibu naye.

"Ni mimi," nikasema.

"Naona ni wewe, mwalimu."

"Ni mimi niliyechora. Nilitaka neti."

Hakuelewa. Nikamweleza tena, na tena, vijana, daftari, malaria, nikilia hadi kamasi zikanijaa mdomoni. Nikamwambia na habari ya kesho asubuhi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulibadilika hadi nikadhani ataniua, na nilikuwa tayari. Kisha akanishika kiwiko kwa mkono wake mzima, kwa nguvu ya kuumiza, akanivuta hadi kwetu.

Baba na wadogo zake walisimama. Mapanga yalikuwa pale pale.

"Sema," Silas akaniambia. "Sema ulivyoniambia."

Nikasema. Yule mkubwa kati ya baba zangu wadogo akatema mate. "Mtoto amefundishwa. Amepewa peremende huyu. Silas, umekuja mwenyewe, umetupunguzia safari." Akainua panga.

"Ngojeni." Ilikuwa sauti ya Mama, kutoka kwenye mkeka. Alikuwa hajasema maneno matatu pamoja tangu atoke zahanati. "Leteni mlango."

"Mlango gani?"

"Mlango wangu. Uko pale unafunika mahindi. Uleteni muusimamishe."

Waliuleta, wakausimamisha. Alama ilikuwa pale. Mama aliniambia nitoe chaki. Sijui alijuaje kwamba bado ninayo. "Chora nyingine kando yake," akasema. "Nyoosha mkono kama siku ile."

Nilinyoosha mkono hadi nilipofika, nikachora alama ya kuzidisha na mstari chini yake. Zilikaa sambamba, ya zamani na mpya, kimo kimoja, mkono mmoja. Mtu mzima angelazimika kupiga magoti ili achore pale.

"Kule sentani," Mama akasema, "alama zote zilikuwa usawa wa kifua."

Baba mdogo alishusha panga lake. Baba alizitazama alama zangu mbili kwa muda mrefu, kisha akalichukua panga lake mwenyewe, akapiga goti mbele ya kigogo cha kukatia kuni, akaweka mkono wake wa kulia juu yake na kumpa Silas mpini.

"Kata," akasema. "Kata ulingane na mimi."

Silas alilipokea panga kwa mkono wa kushoto. Alilishika vibaya, kama mtu asiyezoea. Aliliinua, na Baba hakufumba macho. Mimi nilifumba. Nikasikia panga limepiga mti.

Nilipofumbua macho, lilikuwa limesimama kwenye kigogo, shubiri moja kutoka kwenye kidole gumba cha Baba, na Silas alikuwa ameuachia mpini.

"Nikikukata, nani atashika plau?" alisema. "Mimi siwezi tena kushika plau, wewe mwanaharamu. Unanielewa? Siwezi. Utanilimia. Msimu huu na ule na ule mwingine, kwangu kwanza, mpaka mmoja wetu afe." Akanielekezea mkono wa matambara. "Na huyu ataongoza ng'ombe."

Mama hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alinivuta mkekani, akaweka kichwa changu upande wa shingo yake ulio mzima, na nikahisi anavyopumua kwa shida.

Baba hakuniambia neno. Siku ile, na kesho yake, na siku zote zilizofuata hadi mvua ya kwanza, alipita karibu yangu kama anayepita jiwe. Aliweka chakula mbele yangu bila kunitazama. Ilipofika asubuhi ya kulima aliwafunga ng'ombe wale wawili kwenye nira moja, wakanusana shingo kwa kuwa walikuwa hawajaonana, akanikabidhi kamba. Kwa mtoto wa kimo changu, kuwatangulia madume wawili ni kazi ya kutisha. Pumzi zao zinakuchoma mgongoni, na ukijikwaa wanakukanyaga. Silas alitembea kandokando, mkono umening'inizwa begani kwa kitambaa, akiniambia, "Tazama ule mti, mwalimu, usitazame miguu yako." Baba alikuwa nyuma kabisa, kwenye plau, na mjeledi. Ardhi ya Silas ilikuwa ngumu, haijaguswa. Tulikwenda mstari wote bila sauti ila ya minyororo na udongo unaopinduka, hadi tukafika kwenye ukingo wa shamba, nami nikasimama kwa sababu sikujua la kufanya.

Nyuma yangu Baba akakohoa.

"Geuza," akaniambia. "Polepole. Nimekushikia."

Nikawageuza.